Miaka Miwili Ambayo Haikuhamishika

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tandahimba aliingia katika stationari yangu hapa Ligula, akatoa kwenye bahasha ya kaki transkripti iliyopigwa leminesheni, akaniomba nimjazie maombi ya kujiunga na mwaka wa pili wa stashahada katika chuo kimoja cha serikali. Mwaka wa kwanza alikuwa na hakika amekwishaumaliza, kwa kuwa transkripti ilionyesha masomo kumi na mawili, alama zake, krediti zake, na chini kabisa mhuri wa bluu. "Dada, hizi krediti nataka kuzihamisha tu," aliniambia, kama mtu anayehamisha salio kutoka laini moja kwenda nyingine. Nililitafuta jina la chuo chake katika orodha ya NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya namna hii, kwanza kwa jina refu, kisha kwa kifupisho, kisha kwa kuangalia vyuo vyote vya mkoa, nisilipate. Sikushangaa sana, kwa sababu karatasi ya namna ile na mimi ninayo nyumbani, ndani ya sanduku la chuma la marehemu bibi.

Nilimaliza kidato cha nne Newala, na mwaka 2013, wakati habari ya gesi ndiyo iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu Mtwara, niliingia chuo kimoja kidogo kusomea Ununuzi na Ugavi. Tuliamini kwamba makampuni yatakuja, kwamba yatahitaji watu wa kununua na kutunza vifaa, na kwamba atakayekuwa na cheti mkononi ndiye atakayechukuliwa kwanza. Ada alilipa mjomba kwa fedha za korosho, sehemu katika malipo ya kwanza na nyingine tukiahidi kuikamilisha malipo ya pili yatakapotoka. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo siku ya kujiandikisha alinisindikiza mwenyewe.

Nakumbuka vizuri ukuta wa mapokezi ya chuo kile. Kulikuwa na fremu tatu zenye vioo: cheti cha kuandikishwa kampuni kutoka BRELA, cheti cha namba ya mlipakodi kutoka TRA, na leseni ya biashara. Mjomba alivaa miwani, akazisoma moja baada ya nyingine hadi sahihi ya mwisho, kisha akanigeukia na kusema kwamba hawa wamesajiliwa, tulipe. Hakudanganywa kwa karatasi za kughushi, kwa maana zote tatu zilikuwa halali kabisa. Zilithibitisha kwamba biashara ile ipo na inalipa kodi. Hakuna hata moja iliyothibitisha kwamba ina mamlaka ya kufundisha stashahada. Karatasi ya nne, ile ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo wakati huo tuliliita NACTE na sasa linaitwa NACTVET, haikuwapo ukutani, na sisi hatukujua kwamba inapaswa kuwapo.

Nilisoma miaka miwili. Sitasema kwamba sikufundishwa kitu, kwa kuwa mwalimu wetu mmoja, aliyewahi kufanya kazi bohari kwa muda mrefu, alitufundisha kujaza leja na kuhesabu mali ghalani kwa namna ambayo hadi leo naitumia katika duka hili. Mwaka 2015 nilipata stashahada, nikaipeleka katika chuo chenye ithibati, yaani kilichothibitishwa na Baraza, hapa mjini nikiwa na ombi ambalo niliona ni la kiasi: sikutaka waikubali yote, nilitaka tu wanihesabie mwaka mmoja kati ya miwili.

Ofisa udahili aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, mpole, na alinipa muda wake kuliko nilivyotarajia. Alichukua penseli, akaiweka kwenye somo la kwanza la transkripti yangu, Utangulizi wa Ugavi, lililoandikiwa krediti 20. Akaniuliza tulikuwa tukisoma somo hilo mara ngapi kwa wiki. Nikasema mara mbili, Jumanne na Alhamisi, saa mbili kila kipindi. Kwa wiki ngapi? Kumi na nne, nikajibu, ingawa nilijua kuwa wiki mbili mwalimu hakuja. Akaandika pembeni: 56. Kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka miwili ya kusoma hakuna aliyepata kunieleza, kwamba krediti moja katika mfumo wetu ni saa 10 za kujifunza, zikiwamo za darasani, za mazoezi, za kusoma peke yako na za mtihani, na ndiyo maana mwaka mzima wa masomo huhesabiwa krediti 120, yaani saa 1,200. Krediti 20 ni saa 200. "Mwanangu, hizi saa nyingine mia moja arobaini na nne ulizisomea wapi, na nani alizipanga?" Sikuwa na jibu. Hatukuwa na maktaba wala kazi za kufanyia nyumbani, na ile namba 20 nadhani iliandikwa kwa sababu vyuo vingine huandika namba.

Lakini hata kama ningeweza kumthibitishia saa zote 200, ombi langu lisingepita, na hapa ndipo wengi wanaokuja kwangu wanapokosea. Wanadhani krediti ni kipimo cha kile kilichomo kichwani, hivyo wanajitayarisha kutetea walichokijua. Krediti ni dhamana. Chuo kinachotoa kinasema kwamba mtaala ulipitiwa, mwalimu ana sifa, mtihani ulisimamiwa, na kuna mamlaka nje ya chuo inayoweza kuja kukagua hayo yote. Chuo kinachopokea hakina nafasi ya kukuhoji somo kwa somo. Kinaitegemea ile dhamana, na baada ya hapo ndipo kinalinganisha maudhui ya kozi, ngazi yake na ufaulu wako. Pale ambapo dhamana haikuwahi kuwapo hakuna cha kulinganisha, na chuo kitakachokuonea huruma kikupokee hivyohivyo kitakuwa kimeitia doa ithibati yake chenyewe.

Kwa sababu hiyo napenda kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwaka 2016 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilipofuta kibali cha kampasi moja ya chuo kikuu kule Songea, wanafunzi hawakuambiwa warudi nyumbani waanze upya. Walihamishiwa vyuo vikuu vingine. Majina yao yalikuwa yanajulikana, na programu zao ziliwahi kuidhinishwa, hata kama baadaye kampasi ilionekana haifai. Mwanafunzi wa chuo kilichofungwa ana pa kushika. Mwanafunzi wa chuo ambacho hakikuwahi kusajiliwa hana, kwa kuwa mbele ya mamlaka hakuwahi kuwa mwanafunzi.

Vilevile karatasi yangu haikuwa cheti feki kwa maana ile iliyotangazwa mwaka 2017, pale uhakiki ulipowaondoa kazini watumishi wa umma 9,932. Mimi sikughushi chochote. Chuo kilikuwapo, mkuu wake alikuwapo, na sahihi ni yake. Jirani zangu hawakuiona tofauti hiyo, na kwa muda niliona haya kupita mbele ya baraza lao jioni.

Kuna hali ya tatu, yenye hila zaidi, ambayo naiona sana siku hizi: chuo kimesajiliwa kweli, namba yake inayoanza na REG ipo, lakini kozi aliyosoma kijana haimo katika zile kilizoruhusiwa kufundisha. Kiliruhusiwa uhasibu, kikaongeza kozi za afya kwa sababu ndizo zenye wateja. Kwa hiyo sitosheki tena na kuliona jina la chuo. Natafuta kozi, natafuta ngazi, na kwa aliyekwishaanza masomo namwambia aende akahakikishe kwamba jina lake mwenyewe limeingizwa katika mfumo wa Baraza. Wapo pia wanaoambiwa kwamba cheti chao kitatolewa na chuo kingine kikubwa chenye ushirikiano na chao. Yawezekana, ila ikiwa chuo hicho kikubwa hakikujui tangu muhula wa kwanza, usitarajie kikutambue siku ya mahafali.

Mwenye stashahada anayetaka shahada hukutana na ukuta huu mapema zaidi kuliko mimi. Maombi ya chuo kikuu humtaka AVN, namba ya uhakiki wa tuzo, yaani wa cheti au stashahada yake, inayotolewa na NACTVET, na kama tuzo haimo katika mfumo, namba haitoki. Ukurasa unagoma, na hakuna ofisa wa kumlilia.

Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam alidhani ameipata njia ya kuuzunguka ukuta huo kwa kununua kozi ya mtandaoni ya chuo kinachojiita cha Marekani. Marekani nako wana utaratibu wao: ithibati hutolewa na mashirika binafsi, ambayo nayo yanapaswa kutambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko au na baraza liitwalo CHEA, na hata baina ya vyuo vyenye ithibati ni chuo kinachopokea ndicho kinachoamua krediti zipi kizichukue. Tena shahada ya nje ukiileta hapa lazima TCU iitambue. Nilimwandikia hayo yote. Hakunijibu kwa miezi miwili.

Njia zilizo wazi ni chache, na hakuna hata moja inayoitwa kuhamisha. Kuna utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao kwa mafundi huendeshwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kwa wanaotaka kuingia chuo kikuu husimamiwa na TCU, na ubora wake ni kwamba humpima mtu badala ya karatasi yake. Fundi seremala au fundi umeme aliyesoma pasiposajiliwa naona unamfaa sana. Kwa aliye katika hali kama yangu, njia fupi kuliko zote ilikuwa kuisahau ile stashahada na kurudi kwenye cheti cha kidato cha nne, ambacho hakikuwa kimeharibika. Nilikuwa na ufaulu wa masomo manne unaotakiwa, nikaanza tena ngazi ya nne, astashahada ya awali, pamoja na watoto waliokuwa wadogo zangu kwa miaka mitatu. Mjomba hakulipa safari hii. Nililipa kwa kuchapa barua na kutoa fotokopi, na duka hili lilianzia hapo. Masomo ya leja yalikuwa mepesi kwangu. Ninachoona si haki mpaka leo ni kwamba sikuwa na mahali pa kuomba nipewe mtihani wa somo hilo moja, nikilifaulu nisilirudie, na naamini jambo hilo linawezekana bila kuivunjia hadhi ithibati ya chuo chochote.

Kijana wa Tandahimba nilimweleza hayo kwa ufupi zaidi. Alinyamaza, akaitazama transkripti yake, akaigeuza nyuma kama kwamba kuna kitu kimeandikwa huko. Hakuuliza habari ya krediti tena. Nikamwambia, basi mdogo wangu, nipe cheti cha kidato cha nne nikione, maombi bado yapo wazi na sifa unaweza kuwa nazo.

Akasema cheti hanacho, kipo chuoni. Walikichukua halisi, si nakala, siku aliyojiandikisha, na wamekishikilia mpaka amalize ada ya muhula wa pili. Tulikaa tukahesabu anachodaiwa, nauli ya kwenda Masasi kiliko chuo hicho na kurudi, na siku zilizobaki kabla dirisha la maombi halijafungwa. Kisha nilimchapia barua ya kuomba cheti chake arudishiwe, nakala kwa ofisa elimu, nikamgongea mhuri wa kupokelea usiojazwa pembeni ili watakaoipokea watie sahihi, na fedha ya kuchapa sikuichukua. Basi la asubuhi linaondoka saa kumi na mbili.