Mbili ya Mvua

Saa tano usiku. Baba Watoto anakoroma, mbwa wa jirani wamenyamaza, na mimi bado namsikia Baba Mapacha: "Madam, hii mbili ni yangu au ni ya mvua?"

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, maana miaka saba ya usimamizi imenizoesha watu wa kugonga meza. Yeye aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya huku ameshaamua hanunui. Kidole chake kilikuwa kimetua kwenye kisanduku cha alama cha fomu yake ya tathmini ya mwaka, pale nilipomwandikia mbili, kidole kinene chenye kucha iliyopasuka, nacho hakikutoka pale hadi nilipojibu.

Mlio nami tangu nihamishwe kutoka Kakamega mnamjua. Ndiye greda, yaani mpima ubora wa maziwa, wa kituo chetu cha kupokea maziwa kule juu, upande wa Molo. Nilipofika hapa nikijua kompyuta na kujaza fomu tu, yeye ndiye alinifundisha kufungua kifuniko cha mkebe na kunusa kwanza, kabla ya kuleta mambo ya vipimo. Ana miaka mingi kuliko mimi kazini na hata duniani.

Sasa nilimjibu nini? Hapo ndipo usingizi unapokatikia. Nilimwambia, "Mzee, wewe weka sahihi tu, hayo mengine tutaongea." Tutaongea! Mimi ambaye nikiambiwa "tutaongea" na bosi wangu huenda nikalia chooni.

Akaweka sahihi. Akaifunga kalamu kwa kifuniko chake, akanirudishia kwa mikono miwili. Alipotoka ndipo nikaona ile sehemu ya maoni ya mfanyakazi. Wengine huiacha wazi, au huandika "nashukuru kwa nafasi hii", sentensi ambayo nadhani wanapitishiana. Yeye aliandika neno moja: Nimeona.

Wiki hii mdogo wangu amejifungua msichana huko Kakamega, Jumatatu tulifunga mapema kwa ajili ya Saba Saba, na tumetangaziwa mkurugenzi mpya. Mimi niko hapa na "Nimeona".

Nieleze ilivyokuwa, labda nikiandika itatulia. Mwaka wetu wa kazi huanza tarehe 1 Julai, kama wa serikali. Kwa hiyo Julai ya mwaka jana nilikuwa na fomu kumi na nne za kujaza malengo, na siku mbili za kuzijaza. Nilifanya nini? Nilichukua malengo ya mwaka uliotangulia, nikabadilisha majina na tarehe. Ndiyo, nimeyasema. "Kuongeza maziwa yanayopokelewa kituoni kwa asilimia 10." "Kupunguza maziwa yanayokataliwa." Kila greda, kila kituo, maneno yale yale. Yalipendeza kwenye karatasi, tena yanapimika. Yana tarehe ya mwisho. Kwa vile vigezo vyote tulivyokaririshwa kwenye semina ya Naivasha, malengo yangu yalikuwa safi kabisa.

Kisha Januari jua likawaka. Mnajua kiangazi cha huku, nyasi zinageuka rangi ya gunia na ng'ombe wa lita kumi anatoa nne. Hilo moja. Machi mvua zikaanza, nyasi zikaota, maziwa yakarudi, na barabara ikaondoka. Kule kwa Baba Mapacha kuna kilima kimoja ambacho lori letu halikukipanda siku kumi na moja katika Aprili na Mei. Najua ni kumi na moja kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipigiwa simu na dereva alfajiri. Siku hizo maziwa yalibaki na wakulima, wakanywesha ndama, wakauzia majirani, mengine wakamwaga. Yasiyofika kituoni hayahesabiwi. Kwa hiyo jua lilimpunguzia lita, na mvua ikampunguzia lita, na mimi nikakaa ofisini mjini kwenye kiti kinachozunguka nikampa mbili.

Swali lake, ukilitazama, ndilo swali lote la kazi yangu. Mzee wa watu hakuhitaji semina.

Semina yenyewe nimeikumbuka usiku huu kwa sababu mwezeshaji alitupa kisa ambacho wakati ule nilikinakili kwa wino mwekundu. Watafiti walikwenda Oklahoma, Marekani, katika miaka ya 1970, kwa madereva wa malori ya magogo. Magari yale yalikuwa yakipakiwa takriban asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Madereva walikuwa wameshaambiwa wajitahidi kadiri ya uwezo wao, na matokeo ndiyo hayo 60. Walipopewa lengo wazi, asilimia 94, bila kuongezewa pesa na bila kutishwa, upakiaji ukapanda na kuvuka 90. Sote tukapiga makofi. Nikatoka Naivasha nimeamini kwamba mtu akipewa namba kubwa na ya wazi, ataifikia.

Nilichosahau kunakili ni kwamba dereva yule gogo analiona. Analiona likipakiwa, anajua lori lake, na kama ni kuongeza magogo mawili anasema waongezwe. Ile 94 ilikuwa mikononi mwake. Baba Mapacha angefanya nini, akamkamue ng'ombe wa mwenyewe? Alibebe lori mgongoni hadi juu ya kilima?

Na mimi huyu huyu, mwezi Mei, nilikwenda shuleni kumwakia mwalimu. Kifungua mimba wangu yuko gredi ya tisa, na ripoti yake ya Kiswahili ilisema "Anakaribia matarajio". Nikauliza, matarajio ya nani? Nani aliyapanga, na mtoto aliambiwa lini? Nilijiona shujaa siku hiyo. Baba Watoto alinikumbusha jana wakati wa chakula, akacheka mpaka akapaliwa na sukuma wiki. Sikucheka.

Jumatano afisa wa wafanyakazi akanipigia simu kuuliza kama huyu mwenye mbili aandikiwe barua. Akizipata mbili miaka miwili mfululizo, alisema, tunaweza kuanza kuangalia nafasi yake. Nikamwambia sheria ina utaratibu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mwenzake kando, kabla hujamwachisha kwa utendaji duni. Akasema anajua, ndiyo maana anataka makaratasi yawe sawa mapema. Makaratasi! Nikajiona nimekaa upande mmoja wa meza, Baba Mapacha upande wa pili na mwenzake mmoja wa kumshuhudia, naulizwa nieleze kosa lake. Ningesema nini? Kwamba alishindwa kuzuia mawingu?

Baada ya simu hiyo nilifungua faili la marejesho ya kiwandani. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa natafuta sababu ya kumpa mbili, yoyote ile, nilale. Nikakuta kitu kingine.

Kuna kijana wetu wa kituo cha chini, mchangamfu, fomu zake hufika kabla hujaziitisha. Yeye nilimpa tano. Lengo la kupunguza maziwa yanayokataliwa alilifikia kwa kishindo, kwa mwaka mzima alikataa mikebe ya kuhesabika kwa vidole. Nilimsifu hata mbele ya wenzake. Sasa marejesho yanaonyesha kwamba mara tatu, kati ya Februari na Juni, tangi lililotoka kwake lilikataliwa kiwandani. Tangi zima. Mkebe mmoja mbovu ukimwagwa humo, lita elfu za watu wengine zinachachuka nao. Kiwanda kilituandikia mara zote tatu, barua zikawekwa kwenye faili, na faili likawekwa kwenye kabati.

Na Baba Mapacha? Tangi lake halijarudi hata mara moja. Alikataa mikebe mingi kuliko greda yeyote, nami nikamkata alama kwa hilo pia.

Nilikaa pale hadi mlinzi akaja kuuliza kama nimefungiwa. Nilichomwambia kijana, kwa lugha ya namba, ni kwamba usikatae maziwa. Akanitii. Simlaumu, au namlaumu kidogo tu. Yule mzee ndiye aliyekataa kunitii, na kampuni ikaponea hapo.

Ajabu ni kwamba kuanzia hapo kifua kilipungua uzito. Aibu ninayo, ila ni aibu yenye pa kushika. Alhamisi nikaamka saa kumi, nikapanda hadi Molo na lori.

Baridi ya Julai kule juu haina adabu. Baba Mapacha alikuwa na gambuti, dasti koti jeupe lililofuliwa hadi likawa kijivu, na kofia ya sufu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Wakulima walikuwa kwenye foleni, boda boda zenye mikebe ya alumini ya lita 50, akina mama wenye vijikopo vya lita tatu. Nikasimama kando na daftari langu, nikijifanya sipo.

Anafungua kifuniko na kuinamisha uso, mara moja tu, kama anayemsalimia mtoto. Anakoroga. Anachota kidogo kwenye kikombe, anatia alkoholi kiasi kile kile, anakizungusha polepole huku amekiinamisha penye mwanga. Maziwa mazima huteleza ukutani mwa kikombe bila kuacha kitu. Mama mmoja mwenye leso ya kijani, yake yaliacha chembe ndogo ndogo, kama unga wa sembe uliokosea maji. Baba Mapacha hakutangaza. Alimsogezea kikombe aone mwenyewe.

"Mama, haya ni ya jana jioni yamechanganywa na ya leo?"

"Ya jana kidogo tu, baba."

"Hayo kidogo ndiyo yameharibu. Ya jioni yaweke kwenye ndoo ya maji baridi, usiyachanganye. Na huu mkebe uoshe kwa maji moto, halafu uuanike mdomo chini. Kesho uje, nitakupokea wa kwanza."

Mama akaondoka na maziwa yake, hakununa sana. Nikamuuliza mwenye boda aliyekuwa karibu nami kama mama yule atarudi kesho au atawauzia wachuuzi. Akasema, "Kwa huyu mzee? Atarudi. Wote hurudi."

Nikatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika hilo. Lita ngapi ni "wote hurudi"?

Foleni ilipopungua nikamsogelea. "Mzee, kuhusu ile mbili..." Akasema, "Ngoja kwanza nimalize huyu." Akammaliza, akaja mwingine, halafu dereva akaanza kupiga honi kwa sababu ukungu ulikuwa unateremka na kile kilima si cha kuchezewa. Akanipa kikombe cha uji kupitia dirisha la lori. Hakusema kitu kuhusu mbili, nami sikupata pa kuanzia. Kikombe chake ninacho hapa mezani, cha bati, kimebanduka ukingoni. Lazima nikirudishe.

Ijumaa nimeandika waraka kwa afisa wa wafanyakazi. Nimesema alama za watu wawili zimekosewa, ya Baba Mapacha na ya kijana, na aliyekosea ni mimi. Amejibu kwamba mfumo umeshafungwa hadi Januari, lakini waraka utaambatanishwa. Utaambatanishwa na nini, hakusema. Malengo ya mwaka mpya nimeanza kuyaandika upya, na sijafika mbali. Kwa greda nimeandika: tangi lisirudi. Nimeandika: mkulima ambaye maziwa yake yamekataliwa aelezwe sababu, na tuhesabu wangapi wamerudi ndani ya wiki. Nimeandika pia kwamba siku ambazo lori halikufika zitolewe kwenye hesabu. Halafu nimeandika kwamba kila robo mwaka nitakwenda kituoni mwenyewe, alfajiri, maana kama nitasubiri Juni nitakumbuka ya Mei na Juni tu. Fomu kumi na nne, kila moja na yake. Nimemaliza mbili. Na kijana bado sijamwita. Nitamwambiaje kwamba tano yake ilikuwa ya kwangu?

Mniandikie mliowahi kubadilisha alama baada ya kuitoa. Mlianzaje yale mazungumzo?

Haya, nikalale. Ila kuna jambo jingine, tangu juzi jikoni kunanukia gesi. Mtungi ni mpya. Nimepaka povu la sabuni kwenye mpira wote na kwenye kichwa cha mtungi, hakuna hata kiputo. Baba Watoto anasema ni pua yangu. Watoto hawanusi kitu. Nimefunga mtungi, nimefungua madirisha yote mawili, upepo wa Menengai unaingia moja kwa moja, na harufu bado ipo.