Pikoboli shuleni: anzia karibu na wavu, sevu isubiri

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akikabidhiwa kibao cha pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu juu ya wavu, jambo la kwanza atakalotaka ni kuupiga mpira kwa nguvu zote. Ukimruhusu aanze na sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, kutoka mstari wa nyuma, kipindi kizima kitaishia kwenye kuokota mipira. Mfundishe kwanza mkono mwepesi.

Uwanja kamili ni mita 13.41 kwa 6.10, sawa na ule wa badminton wa wachezaji wawili wawili, ila kwa darasa la watu 40 hauhitajiki siku ya kwanza. Funga kamba katikati ya uwanja wa netiboli, kwa urefu wake wa mita 30.5, ikiwa sentimita 86 hadi 91 kutoka chini. Iegemeze kwenye viti kila baada ya mita tano au sita isilegee. Jozi 20 zikipeana nafasi ya mita moja na nusu, wote wanacheza kwa wakati mmoja. Kila upande wa kamba chora mstari wa chaki mita 2.13 kutoka kwenye kamba. Eneo hilo huitwa jikoni. Mkitumia uwanja wa badminton, msitegemee mstari wake wa mbele, kwa kuwa uko mita 1.98 tu, na wavu wake lazima ushushwe.

Vibao vya mazoezi vinaweza kukatwa kwenye plaiwudi ya milimita 9: urefu sentimita 40, upana 20, mpini 12. Piga kingo msasa, kisha uzungushie mpini tyubu kuukuu ya baiskeli.

Kibao kishikwe kama mtu anayepeana mkono, kwa nguvu tatu kati ya kumi. Hapo ndipo dinki inapoanzia: mpira wa taratibu unaovuka wavu na kudunda jikoni kwa mwenzako. Simama nyuma kidogo ya mstari, magoti yamekunjwa, kibao mbele ya tumbo, uso wake umeinama kidogo kuelekea juu. Acha mpira udunde, halafu usukume kutoka begani. Kifundo cha mkono kitulie.

Mpira ukipaa juu, mara nyingi mwanafunzi ameuchapa kwa kifundo au amesimama wima akaufuata kwa mkono peke yake. Ukienda pembeni, ameuchelewa: ameugusa ukiwa sambamba na nyonga badala ya mbele yake. Usimwambie "taratibu", maana haimwonyeshi la kufanya. Mwambie asirudishe kibao nyuma ya nyonga, na mpira utapoa wenyewe. Kila jozi ihesabu dinki kumi mfululizo. Mmoja ukidunda nje ya jikoni, wanaanza upya. Wakifika kumi kwa mkono wa mbele (upande wa mkono ulioshika kibao), wahamie mkono wa nyuma (upande wa pili wa mwili, kwa mkono uleule). Usiharakishe hatua hii hata ikila vipindi viwili.

Baada ya hapo sevu haisumbui. Tumia ile ya kudondosha: mpira unaachiwa kutoka mkononi bila kurushwa juu wala kusukumwa chini, unadunda, ndipo unapigwa. Uende mshazari na uvuke jikoni pamoja na mstari wake. Wengi huugonga kwenye wavu kwa sababu wameusubiri ukashuka mno. Waupige ukiwa karibu na kimo cha goti, na kibao kimalizie kikielekea kule wanakolenga. Gunia lililotandikwa karibu na mstari wa nyuma wa mpinzani ni shabaha nzuri.

Sheria ya midundo miwili ifundishwe hapo hapo: mpira wa sevu udunde, na ule unaorudishwa udunde pia, kisha ndipo mtu anaruhusiwa kupiga voli, yaani kuupiga ukiwa hewani. Voli ni kuzuia tu, kibao kikisogea kiasi cha kiganja. Hairuhusiwi kupiga voli ukiwa umekanyaga jikoni. Asiyekanyaga wakati wa kupiga lakini akavutwa na kasi yake akaingia, amekosea vilevile, hata kama mpira umeshakufa. Wanafunzi hubisha sana hapa, kwa hiyo weka mwamuzi mmoja kwenye kila mstari, kazi yake iwe kutazama miguu tu.

Mpira ukipita juu ya kichwa, mwanafunzi ageuke kwanza ndipo akimbie. Kukimbia kinyumenyume kwenye sakafu ya zege ndiko kunakovunja mikono.