Pikapu ya dizeli: betri zote mbili zimebadilishwa

Njombe mwezi wa saba haina huruma na dizeli. Land Cruiser yangu, injini 1HZ, asubuhi ilikuwa inavuta starta kwa uzito, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Mchana, jua likishapanda, inawaka bila shida. Mwisho wa wiki hii nimelimaliza hilo.

Gari hili lina betri mbili za volti 12, plasi kwa plasi, negativu kwa negativu. Volti hubaki 12. Kinachoongezeka ni nguvu ya kuzungusha starta. Ziko Land Cruiser za soko la Japani zenye mfumo wa volti 24, ambapo plasi ya betri moja inaingia negativu ya pili. Fuata waya kwa macho kabla hujaenda dukani.

Nilizitenganisha, nikazichaji kila moja peke yake, nikaziacha zipoe usiku kucha. Betri ya kulia ilisoma volti 12.6, ya kushoto 12.4. Kwa mita tu ungesema zote nzima. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, ndiyo iliyoniumbulia ya kushoto: kati ya vyumba vyake sita, vitano vilikuwa karibu 1.25, cha sita 1.12. Chumba kimoja kikifa hivyo, betri nzima imekwisha, hata uichaji wiki.

Fundi rewaya akaniambia, "Bosi, badili hii moja tu, nyingine bado inadai." Sikukubali. Ukizima gari, betri mbili zilizofungwa pamoja zinaendelea kugawana chaji, na ile iliyochoka huinyonya mpya usiku kucha. Ukinunua moja leo, utanunua ya pili mapema, na ile ya leo itakuwa imeshazeeka.

Dukani wanauliza "N ngapi?", yaani ukubwa wa betri. Yangu ni N70, kwenye maandishi ya Kijapani D31. Angalia pia herufi ya mwisho, L au R, maana vichwa vikikaa upande usio wake waya haufiki. Gari langu linataka moja ya kila aina. Nimechukua betri za maji badala ya kavu. Kavu hazina usumbufu, lakini huwezi kuchungulia chumba kimoja kimoja, na mimi napenda kuchungulia. Zote mbili ni kampuni moja na mwezi mmoja wa kutengenezwa.

Kwenye kufungua kuna jambo linalowaunguza watu. Ukitoa plasi ya betri ya kwanza, ule waya unaoning'inia bado una moto, unaletwa na betri ya pili. Spana ikigusa bodi, cheche. Kwa hiyo negativu zote mbili kwanza, ndipo plasi. Kufunga ni kinyume chake. Ule unga wa kijani kwenye vibano niliuosha kwa maji ya moto na magadi, vifuniko vikiwa vimekazwa.

Mpya nazo nilizijaza chaji kila moja kabla ya kuziunganisha, zisije zikamwagiana umeme kwa nguvu. Alfajiri, baridi ikiwa bado imekaa, nilisubiri taa ya hita za kupasha injini izime, nikapiga starta: volti zilishuka hadi 10.8, injini ikashika palepale. Ikiunguruma mita inasoma 14.2, kwa hiyo altaneta haina kesi.

Betri ya kulia ya zamani inawasha balbu za banda la kuku. Kimebaki kibano cha kushikilia betri ya kushoto, kimeliwa na kutu. Nimempelekea fundi wa kuchomelea anitengenezee kingine. Hadi kitakapokuja, barabara ya Makete naiacha.