Wiki ya Buluu kwenye mchanga wa Toledo

Ukitoka Dayton kwenda Toledo kwa barabara ya I-75 ni kama kilomita 240, na ukishapita Lima hakuna cha kutazama. Mahindi, soya, ghala, mahindi tena. Mwezi Mei hata mahindi yenyewe ndiyo kwanza yanachomoza, kwa hiyo unachokiona ni udongo mweusi uliolimwa ukasawazishwa mpaka macho yanaishia, na pembeni mwa kila shamba kuna mtaro. Jirani yangu, mama mmoja wa Uvira tunayeishi naye jengo moja, alishapitiwa na usingizi tulipofika Findlay. Mwanawe wa kiume alikuwa kiti cha nyuma na simu yake.

Mitaro ile ina habari yake. Upande huo wote wa Ohio ulikuwa kinamasi, Great Black Swamp, chenye urefu wa karibu kilomita 190: msitu mnene uliosimama ndani ya maji, mbu kila mahali, na walowezi wakitetemeka kwa malaria. Ndiyo, malaria, huku huku Marekani. Kuanzia katikati ya karne ya 19 watu wakachimba mitaro, wakazika mabomba ya udongo wa kuchoma, maji yakaondoka na kinamasi kikageuka shamba. Lakini kabla ya hapo, msafiri aliyekuwa akijikokota na gari lake la kukokotwa ndani ya matope yale alikuwa akifika mahali ghafla panafunguka. Mialoni imetawanyika, kila mmoja na nafasi yake, nyasi chini, mchanga mkavu, na gari linapita katikati ya miti bila mtu kuinua shoka. Wakapaita Oak Openings. Huko ndiko tulikokuwa tukielekea, kwa sababu kila Mei taasisi na vikundi vya hifadhi vinavyoshirikiana chini ya mwavuli wa Green Ribbon Initiative huandaa Blue Week, Wiki ya Buluu, na nilitaka kuona watu wanasherehekeaje pori.

Niseme mapema: kama umezoea kwamba sherehe ni turubai, spika kubwa na mgeni rasmi anayechelewa saa mbili, hii si yako. Mgeni rasmi hayupo. Kuna ratiba yenye matembezi ya kutazama ndege alfajiri, matembezi ya maua, mauzo ya miche, na siku za kazi ambapo unapewa glovu na msumeno. Mama wa Uvira alipoelezwa aliuliza, "Sasa chakula watapikia wapi?" Nikamwambia tumebeba chetu.

Tulianzia Oak Openings Preserve, hifadhi kubwa kuliko zote za Metroparks Toledo, taasisi inayosimamia hifadhi za umma za huko, kama ekari 5,000 hivi. Unaegesha gari, unatembea kidogo chini ya miti, kisha uko juu ya matuta ya mchanga. Mchanga kweli, wa manjano, unaoingia viatuni, na ziwa Erie liko mbali huko, hulioni wala hulisikii. Aliyetuongoza, mama mzee mwenye kofia pana na fimbo ya kutembelea, alitueleza kwamba barafu nene iliyofunika nchi hii ilipoyeyuka, maji yalijaa hadi hapa, na pale tuliposimama palikuwa ufukwe wa ziwa la kale. Maji yakarudi nyuma, mchanga ukabaki, upepo ukaukusanya matuta.

Chini ya mchanga huo kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Ni kama umemwaga mchanga ndani ya sinia: maji ya mvua yanapenya haraka, yanagonga chini, yanakosa pa kwenda. Kwa hiyo juu ya tuta pamekauka kiasi cha kuota mpungate, na hatua chache chini, kwenye bonde, unakanyaga tope na magugu ya majini. Mpungate niliuona kwa macho yangu, umelala chini, vipande vyake bapa vimenywea kidogo kwa baridi iliyopita. Hauinuki kama ile tuliyoizoea Dodoma na Tabora, unajilaza mchangani majira yote ya theluji halafu unachanua njano mwezi Juni. Mpungate, Ohio! Kijana aliacha simu akachuchumaa kuupiga picha, na kwa siku ile nzima hicho ndicho kitu pekee alichokipiga picha bila kuambiwa.

Kwa sababu ya kukaa pamoja hivyo kwa ukavu na umajimaji, mimea ya hapa ni mingi kupita kiasi. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya mimea adimu ya jimbo zima la Ohio inapatikana kwenye ukanda huu mwembamba. Mtaalamu wa mimea Edwin Moseley, aliyekuwa mwalimu wa chuo mjini Bowling Green, alichapisha orodha ya mimea ya hapa mwaka 1928. Na kilichouokoa ukanda wenyewe ni umaskini wake. Kinamasi kilipokaushwa kilizaa mashamba yenye rutuba, karibu chote kikalimwa. Mchanga ulijaribiwa, ukalimwa, ukagoma, na baadhi ya wakulima wakaondoka. Ingekuwa ardhi nzuri kwa mahindi, leo kusingekuwa na cha kusherehekea.

Mchana tulihamia Kitty Todd, hifadhi ya shirika la uhifadhi The Nature Conservancy, iliyopewa jina la mwanamke aliyeipigania ardhi hii. Iko kwenye barabara iitwayo Old State Line Road. Jina hilo linatokana na ugomvi wa mwaka 1835, Ohio na Michigan zilipotaka kuzichapa kwa ajili ya kipande hiki, wanamgambo wakaitwa kabisa. Mwaka uliofuata bunge la Marekani likaamua Ohio ichukue Toledo, Michigan ikapewa rasi ya kaskazini kama kifuta machozi. Kila upande uliamini umepunjwa. Wakati hao wakigombania mpaka, Waodawa, wenyeji wa asili waliokuwa hapa kabla ya wote hao, walikuwa wakisukumwa kuhamia magharibi. Hilo linahusiana na miti moja kwa moja, nitalifikia.

Kitty Todd ndiko kwenye lupini, maua ya porini ya buluu. Nilikuwa nimeziona pichani, lakini picha hazikuonyeshi kwamba zinaota mchanga mtupu, na kwamba buluu yake si moja: chini ya shina la maua ni zambarau iliyochoka, juu kwenye vichwa ambavyo havijafunguka ni karibu nyeupe. Jani lake limegawanyika vidole saba, nane, tisa, vinavyokutana katikati, na pale katikati kulikuwa kumebaki tone la mvua ya asubuhi, duara kabisa. Mama wa Uvira aliinama, akatazama vizuri, akasema, "Haya si maharagi?" Yule kiongozi wetu alipotafsiriwa alifurahi mno. Ni jamii ya kunde kweli: inajirutubishia nitrojeni yenyewe kwenye mizizi, na maganda yake yakikauka yanapasuka kwa kishindo yakirusha mbegu mbali. Mama akauliza kama majani yanaliwa. Hayaliwi, yana sumu. Hapo hamu ikamwishia.

Lakini yuko anayeyategemea: kiwavi wa kipepeo aitwaye Karner blue. Ni kipepeo mdogo, mabawa yakifunguka yanafika sentimita mbili na nusu tu, na aliyempa jina la kisayansi ni Vladimir Nabokov, yule mwandishi wa riwaya, ambaye vipepeo ilikuwa kazi yake nyingine. Kiwavi huyu hali kitu kingine chochote isipokuwa lupini ya porini. Ana walinzi: sisimizi wanamzunguka wakinywa umajimaji mtamu anaoutoa mgongoni, nao wanamfukuzia maadui. Kabla ya kurudishwa, mara ya mwisho kuonekana Ohio ilikuwa 1988. Mwaka 1992 serikali ya Marekani ikamweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 1998 wakaletwa wengine kutoka Michigan, wakazalishwa na bustani ya wanyama ya Toledo, wakaachiwa hapa Kitty Todd. Kumrudisha ni jambo moja, kukaa ni jingine. Kiangazi kikiwa kikali lupini inanyauka mapema na kiwavi wa uzao wa pili anakosa chakula. Sikumwona, na kiongozi wetu hakutuahidi. Nilichokiona ni kigogota mwenye kichwa chekundu chote, hadi shingoni, akigonga mwaloni uliokufa ambao wameuacha umesimama makusudi kwa ajili yake.

Sasa moto. Tulifika mahali ambapo magome ya mialoni yalikuwa meusi kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na ardhini majani mapya yalikuwa mabichi kuliko popote pengine tulipopita. Palichomwa machipuko yalipokuwa yanaanza, kwa makusudi. Watu kadhaa kwenye kundi letu walishtuka. Mimi nimekulia Tabora, sikushtuka. Kwetu watu wa misitu wanachoma mapema, Juni na Julai, nyasi zikiwa bado na ubichi, ili moto wa Septemba ukija ukose cha kula na mizinga ya watu isiteketee. Shuleni tulifundishwa nyimbo za kulaani moto, halafu nyumbani tukawa tunaona wazee wakiutumia.

Hapa utaratibu ni mkali zaidi. Wanasubiri siku ambayo upepo na unyevu wa hewa vinakubali, wanafyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka eneo lote, kisha wanawasha kwanza upande ambao moto utakwenda ukipingana na upepo, polepole, mpaka kuwe na ukanda mpana uliokwishaungua. Ndipo wanawasha upande wa pili. Mwaloni una gome nene, na hata ukiungua juu unachipua tena kutoka mizizini. Miti laini inayopenda kivuli haiwezi hayo. Waodawa na majirani zao walikuwa wakichoma nyasi hizi kizazi baada ya kizazi. Walipoondolewa miaka ya 1830, mkono uliokuwa ukiuwasha moto ukaondoka nao, na baadaye walowezi wakawa wanauzima hata ule wa radi. Miongo michache tu inatosha: vichaka vinajaza nafasi, kivuli kinafunga, lupini inakufa, na kipepeo anakosa pa kutaga. Ndivyo ilivyokuwa kote katikati ya Marekani, na jembe nalo likachangia. Mtafiti Victoria Nuzzo alipohesabu mwaka 1985 savana za mialoni zilizobaki katika hali nzuri, alipata kama asilimia 0.02 ya zilizokuwepo kabla ya walowezi.

Kwa hiyo pori hili halilindwi kwa kuliacha. Ukilizungushia uzio ukaondoka, umeliua. Hilo ndilo lililonifanya nibadili nia nikajiunga na kikundi cha kazi badala ya matembezi ya mwisho. Tulipelekwa kwenye bonde lenye majimaji lililovamiwa na kichaka kiitwacho glossy buckthorn, mgeni kutoka Ulaya, majani yanayong'aa. Kazi ni hii: unakata shina karibu kabisa na ardhi, unaliburuta hadi kwenye lundo, na nyuma yako anakuja mfanyakazi mwenye kibali akipaka kisiki dawa iliyochanganywa na rangi ya buluu, ili ajue kipi kimeshapakwa. Usipopaka, kisiki kimoja kinarudi na machipukizi kumi. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa kando yangu alinionyesha namna ya kulaza msumeno ili usikwame. Baada ya nusu saa mgongo uliniambia umri wangu. Tulipomaliza, kipande tulichokisafisha kilikuwa na ukubwa wa kiwanja cha mpira wa kikapu, na kilichobaki mbele yetu kilikuwa kichaka kile kile mpaka kwenye barabara.

Kati ya vitu vyote, kinachopendwa zaidi na wapiga picha huko Oak Openings Preserve ni misonobari iliyopandwa kwa mistari karne iliyopita kushika mchanga usipeperuke. Maharusi wanakwenda kupigia picha hapo. Panapendeza, sikatai, ila chini ya misonobari ile hakuna kinachoota, na kwa savana hiyo misonobari na buckthorn ni ndugu. Sijui kama maharusi wangependa kuambiwa.

Jioni kwenye mauzo ya miche mama wa Uvira alitaka lupini, maharagi yake. Muuzaji akamuuliza udongo wa kwake ukoje. Mfinyanzi, Dayton yote ni mfinyanzi. Basi haitakaa, akamwambia, usipoteze pesa, akampa miche ya maua yaitwayo asta, inayovumilia udongo mzito na kuchanua mwisho wa kiangazi. Mama alijaribu kupunguziwa bei, kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri nusu nusu. Bei haikushuka, lakini aliongezewa mche mmoja.

Kwa aliyeko Ohio au Michigan na anataka kwenda: katikati ya Mei ndiyo wakati wa lupini, ukichelewa hadi Juni utakuta maganda. Hifadhi za Metroparks hazina kiingilio wala ada ya maegesho. Siku za kazi unajiandikisha kabla, vifaa wanatoa wao. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague kupe kabla ya kuoga, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele. Sisi tulimkuta mmoja, shingoni mwa yule kijana, na alipiga kelele jengo zima likasikia.