Mto Uliochipuka Mpakani

Mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili mjini Moshi, nilikosa alama nne katika mtihani wa jiografia kwa kuandika kwamba Mto Ruvu, ule wa Kilimanjaro, unaanzia mpakani mwa Tanzania na Kenya. Jibu hilo sikulibuni. Ramani iliyotundikwa darasani mwetu ilikuwa ya Tanzania peke yake. Ng'ambo ya mpaka palikuwa peupe, Ziwa Jipe, linalokatwa na mpaka huo, likaonekana nusu, mithili ya chapati iliyokatwa kwa kisu, na Ruvu ukachomoza pembeni mwake bila asili.

Likizo ya Juni, mjomba wangu, aliyekuwa akichuuza samaki, alinichukua hadi ziwani huko. Tulishuka Kifaru, tukapanda gari la mizigo, tukafika jua likiwa limepanda. Nilitarajia maji mapana. Nilikuta ukuta wa matete na mafunjo, na kijia chembamba kilichofyekwa kwa panga ili mitumbwi ipite. Mzee mmoja wa Kipare alikubali kutupakia. Upondo wake uligusa tope kila tulikopita, kwani Jipe ni ziwa la kina kifupi mno.

"Shikamoo, babu. Kenya iko wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumo ndani yake tangu ulipoanza kufua maji."

Kisha akaelekeza upondo kaskazini. Huko ndiko unakoingilia Mto Lumi, ambao huanzia kwetu, kwenye miteremko ya Mawenzi, kilele kimojawapo cha Kilimanjaro, ukavuka mpaka na kupita Taveta kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Na upande huohuo wa kaskazini ndiko Ruvu unakotokea, ukielekea Bwawa la Nyumba ya Mungu kukutana na Kikuletwa, na kutoka hapo unaitwa Pangani hadi Bahari ya Hindi. Mzee alilalamika kwamba tope linaloletwa na Lumi linayalisha magugu, nayo magugu yanauziba mdomo wa Ruvu. Aliyajua hayo kuliko ramani yetu, ingawa sidhani kama aliwahi kuiona.

Shule ilipofunguliwa nilichukua penseli nikaichora nusu ya pili ya ziwa kwenye ule weupe, kisha nikaupandisha Lumi kupitia Taveta hadi Mawenzi. Mwalimu aliingia, akaitazama ramani kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyeichafua. Nilisimama. Aliniagiza nikalete kalamu ya wino wa buluu nikaupitishe upya mstari ule, lakini alama zangu nne hakunirudishia.