Nilivyoiongezea Pikipiki Yangu ya Porini Tangi la Pili Linalojimimina Lenyewe

Nimechoka kusikia "funga dumu nyuma, yatosha." Karibu kila niliyemuuliza namna ya kuongeza mafuta kwenye pikipiki ya porini alinijibu hivyo, na waliobaki waliniambia ninunue tangi kubwa. Leo pikipiki yangu inabeba lita 4.5 za ziada, na zinahamia zenyewe kwenye tangi la kiwandani (ndilo ninaloliita tangi kubwa, la ziada naliita dumu) huku natembea. Sishuki, simimini, sifungui mfuniko katikati ya vumbi. Siku mfumo ulipokubali nilifurahi kuliko siku niliyoinunua pikipiki yenyewe. Kwa hiyo naandika niliyoyajua, hasa yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Pikipiki ni ya cc 250, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), tangi lake lita 9. Waliobuni mashine za namna hii walikuwa na sababu ya kuweka tangi dogo. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75, na kila kilo iliyokaa juu ya injini utaihisi siku unapoinua mashine iliyolala topeni. Zipo zilizozaliwa kwa safari ndefu: Yamaha XT600Z Ténéré ya mwaka 1983 ilitoka na tangi la lita 30 hivi, na Kawasaki KLR650 inabeba lita 23. Ni mashine nzuri, ila ni nzito, na mimi nilitaka hii hii yangu nyepesi ifike mbali zaidi.

Kabla hujanunua hata klipu moja ya kubania mpira wa mafuta, pima inakunywa kiasi gani. Jaza mpaka shingoni pikipiki ikiwa imesimama wima, endesha, jaza tena mpaka alama ile ile, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kwenye njia ngumu, kisha urudie kwenye mchanga au tope. Yangu kwenye changarawe inakwenda kilomita 28 kwa lita. Kwenye mchanga wa gia ya kwanza na ya pili inashuka mpaka 19. Yaani tangi lile lile linanipeleka kilomita 250 njia ikiwa njema na 170 njia ikiwa mbaya, na watu wengi wanapanga safari kwa ile namba ya kwanza. Mimi nilipanga kwa 19, nikaona lita 4 na nusu zinaniongezea zaidi ya kilomita 80 za njia mbaya, na hizo ndizo nilizokuwa nazihitaji. Anayefunga lita 10 nyuma "kwa usalama" ananing'iniza kilo 7 na nusu mkiani, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi pale hasa linapotakiwa kushika ardhi.

Kubadilisha tangi la kiwandani kwa la plastiki lililo kubwa zaidi ni jibu zuri kama lipo la modeli yako. Acerbis wa Italia, kwa mfano, wametengeneza ya pikipiki nyingi. La kwangu sikulipata, na kazi yangu yote haikufika hata robo ya gharama ya kuagiza tangi la namna hiyo.

Chupa za soda usiniambie kabisa. Nimeona watu wanazipanga kwenye begi kana kwamba petroli ni maji. Chupa ile haikutengenezwa kwa mvuke wa petroli: jua likipanda inavimba, mfuniko unaanza kupumua, na mtikisiko unaisugua kwenye chuma mpaka inatoboka.

Ushauri uliotaka kunichomea mashine ulitoka kwa fundi. Alikuwa mzuri sana kwa injini, lakini kwa hili alikuwa na jibu moja tu: kata mpira unaotoka kwenye koki (kifungio cha mafuta chini ya tangi) kwenda kabureta, weka kiungo cha T, leta mpira mwingine kutoka kwenye dumu lililo juu ya keria. Nikamuuliza, dumu likiwa juu kuliko tangi itakuwaje? Akasema mafuta yatajipanga yenyewe. Akafunga, tukajaza pande zote mbili, nikaondoka, nikaja kuegesha mahali penye mteremko, pikipiki ikiangalia chini. Petroli haijui lipi tangi kubwa na lipi dogo, inachotafuta ni usawa. Dumu lilikuwa limesimama wima na kichwa chake kilipita mfuniko wa tangi. Petroli ikashuka kutoka kwenye dumu, ikapita kwenye T, ikapanda kwa chini kuingia kwenye tangi ambalo tayari lilikuwa limejaa, ikafika shingoni, ikatafuta pa kutokea. Ikatokea kwenye mpira wa hewa wa mfuniko, na mpira huo unaishia karibu na kichwa cha injini. Nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Tone la kwanza lilianguka kwenye mapezi ya injini likakauka pale pale. La pili likafuata, kisha ukawa mchirizi. Nilifunga koki ya dumu, nikaisogeza pikipiki sehemu tambarare, nikakaa mbali nayo mpaka injini ilipopoa kabisa. Niliporudi kwa fundi akasema nipunguze kujaza. Nikamwambia tangi la ziada lisiloruhusiwa kujazwa halina faida kwangu, nikang'oa ile T siku hiyo hiyo.

T inaweza kufanya kazi ukiweka koki mbili na ukahakikisha inafunguliwa moja tu kwa wakati. Wapo wanaotembea hivyo miaka na miaka. Mimi sikutaka maisha yangu yategemee kukumbuka koki kila nikifika mteremkoni.

Njia niliyoishia nayo inatumia tundu la hewa la tangi kubwa. Kila tangi lazima livute hewa kwa juu kadiri mafuta yanavyotoka kwa chini, la sivyo mafuta yanakwama. Pikipiki nyingi za porini zina chuchu, yaani kijibomba kidogo, kwenye mfuniko, na kimpira cha hewa kilichochomekwa hapo. Badala ya kukiacha kimpira hicho kivute hewa, nilikirefusha mpaka nyuma, nikakiingiza kwenye dumu hadi karibu na sakafu yake. Dumu lenyewe ndilo lenye tundu la hewa. Injini ikinywa, tangi kubwa linataka kuvuta hewa, halipati, linavuta petroli ya dumu. Tangi kubwa linabaki limejaa wakati wote dumu linapokauka. Dumu likiisha, hewa inapita kwenye mpira ule ule, na tangi kubwa linaendelea kama lilivyokuwa kiwandani. Hakuna cha kubadilisha, hakuna cha kufungua, na uzito wa nyuma ndio unaoisha kwanza.

Sikuiamini mpaka nilipoiona kwa macho. Nilifanya jaribio nje, pikipiki imepoa, mbali na moto wowote. Kati ya dumu na mfuniko niliweka kwa muda mpira unaoonekana ndani, nikachomoa mpira wa kabureta nikauelekeza kwenye chombo cha chuma, nikafungua koki. Petroli ilitoka kwa nguvu, kisha mchirizi ukaanza kunywea, ukawa mwembamba kama uzi. Nilidhani imekataa. Nikatazama mpira wa juu: viputo vya hewa vilikuwa vinakimbilia mfuniko, na nyuma yao petroli inapanda taratibu, inavuka kona ya juu karibu na siti, inashuka. Ilipogusa mfuniko tu, mchirizi wa chini ukanenepa tena ukatulia. Nikaacha dumu zima lipite hivyo, na muda wote tangi kubwa halikupungua.

Sasa mambo madogo yanayoifanya ikubali au ikatae.

Mfuniko wa tangi kubwa lazima uzibe kabisa. Ukivuja hewa hata kidogo, tangi litavuta hewa hiyo badala ya petroli, na utamaliza tangi kubwa huku dumu limejaa. Ili kuujaribu nilifunga koki, nikaunganisha pampu ya mkono kwenye chuchu, nikasukuma hewa kidogo sana, nikapaka povu la sabuni kuzunguka mfuniko na kwenye tundu la ufunguo. Gasketi ya zamani ilitoa viputo upande mmoja. Nikaweka mpya ya mpira unaostahimili petroli, viputo vikakoma. Usizibe kwa silikoni ya kawaida, petroli inaivimbisha na kuilegeza. Kama mpira wako wa hewa una vali ya njia moja, itoe. Jua likipasha tangi, mafuta yanataka kurudi nyuma kidogo kwenda kwenye dumu, na yakizuiwa shinikizo linaangukia kabureta.

Kwa pikipiki ya kabureta isiyo na pampu, sakafu ya dumu lazima iwe juu ya kabureta. Dumu likishuka chini ya hapo, mvuto wa dunia hautakusaidia na mafuta yatakwama njiani. Ndiyo maana langu liko nyuma ya siti, halikuning'inizwa ubavuni chini. Nimelibana ligusane na siti, kwa sababu kila sentimita unayolisogeza mkiani inaongeza mzigo kwenye fremu ya nyuma, na kwenye pikipiki nyepesi fremu hiyo ni nyembamba. Upande wa silensa, lile bomba la moshi, nimeuacha wazi kabisa.

Wenye pikipiki za injekta (zinazopuliziwa mafuta kwa pampu badala ya kabureta) wana bahati zaidi, kwa kuwa pampu iliyo ndani ya tangi inavuta yenyewe na dumu kukaa juu au chini hakujalishi sana. Ila mtu asikushawishi ukate mpira unaotoka kwenye pampu kwenda injekta. Humo mna mgandamizo wa karibu baa 3, na klipu za kawaida hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Dumu liwe lile lililotengenezwa kwa mafuta, plastiki nzito. Dumu la mafuta ya kula halifai. Mpira uwe wa petroli. Ule unaoonekana ndani niliotumia kwenye jaribio nimeutoa, maana baada ya muda unakuwa mgumu na manjano, kisha unapasuka kwenye klipu. Kati ya dumu na chuma cha keria nimelaza vipande vya tyubu ya zamani, na mikanda inapita pande mbili, kwenda mbele na kwenda ubavuni. Baada ya safari ya kwanza ya makorongo mikanda yote ilikuwa imelegea. Kaza tena, hasa mara ya kwanza. Filta ndogo iwe kwenye mpira unaokwenda mbele, kwani uchafu wa dumu jipya utashangaa ulivyo mwingi.

Usijaze dumu mpaka mdomoni. Petroli inatanuka kwa karibu mililita 1 kwa kila lita kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 5 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka mililita 100, na hizo zitatafuta njia. Langu ni la lita 5, naweka 4.5. Kimpira cha hewa cha dumu nimekipandisha juu, nikakizungusha, nikakirudisha chini, na mdomoni kina sponji ya kuzuia vumbi na vali inayojifunga pikipiki ikianguka. Vali hiyo iking'ang'ania kufunga, dumu litajikunyata kwa ndani, kwa hiyo likague kwa mkono mnaposimama kupumzika.

Wakati wa kujaza, teremsha dumu uliweke chini ardhini, na mdomo wa bomba la kituo uguse mdomo wa dumu muda wote. Likiwa juu ya keria yenye mpira, chaji ya umeme tuli haina pa kwenda, na cheche moja inatosha.

Koki moja tu imebaki kwenye mfumo wangu, iko kwenye mpira kati ya dumu na mfuniko, mahali ambapo mkono wa kushoto unafika nikiwa nimekaa. Naifunga kabla ya kufungua mfuniko wa tangi kubwa, kwa sababu ukiufungua koki ikiwa wazi na dumu liko juu, petroli itaendelea kushuka na kumwagika. Nikimaliza kujaza naifungua kabla ya kuwasha. Ikibaki imefungwa tangi kubwa halipati hewa, na baada ya kilomita chache injini inaanza kukohoa kana kwamba mafuta yameisha. Mpini wake nimeupaka rangi nyekundu, na ukiwa umefungwa unasimama wima mbele ya paja langu, siwezi kukaa bila kuugusa.