Siku moja maishani mwangu: kupika polima ya buluu

Saa 2 asubuhi. Naanza na mizani, na hapa sina haraka hata kidogo. Leo natengeneza TQ1, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya seli za jua iliyotangazwa na watafiti wa hapa Sweden mwaka 2010. Mnyororo wake una vipande viwili vinavyopokezana: tiofini, inayotoa elektroni kwa urahisi, na kwinoksalini, inayozivuta. Kupokezana huko hakuji kwa bahati. Tiofini imebeba stani (bati) kwenye ncha zake zote mbili, kwinoksalini imebeba bromini, na mmenyuko wa Stille huunganisha stani na bromini. Kipande hakishikani kirahisi na cha aina yake.

Kinachonikosesha usingizi ni urefu. Hesabu ya Carothers haina huruma: aina moja ikizidi nyingine kwa asilimia 1, wastani wa mnyororo hauvuki vipande 201, hata mmenyuko ukikamilika wote. Ikizidi kwa asilimia 5, unaishia 41. Ndiyo maana napima hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na anayenisemesha wakati huo hajibiwi.

Saa 4. Toluini, kiyeyusho changu, imeshapulizwa nitrojeni, maana oksijeni huharibu kichocheo. Natia kichocheo chenyewe, palladiamu, napandisha joto hadi nyuzi 100. Glavu sivui: misombo hii ya stani ni sumu kali, na kila mwanafunzi anapaswa kuambiwa hivyo siku ya kwanza. Kadiri minyororo inavyorefuka, rangi inakolea mpaka buluu nzito.

Saa 7 mchana. Namwelekeza mwanafunzi mpya, Mkenya, kutengeneza polianilini, polima inayopitisha umeme. Anilini ya 0.2 M (moli kwa lita) kwenye asidi, amoniamu pasulfeti ya 0.25 M ya kuiunganisha, chombo kwenye joto la kawaida la chumba.

“Dada, mbona haibadiliki?”

“Subiri. Ikianza utaiona.”

Inaanza: buluu, kisha kijani kibichi. Kwa njia hii, ambayo IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, iliichapisha mwaka 2002, maabara kadhaa zilipata upitishaji wa umeme wa wastani wa siemensi 4.4 kwa sentimita. Namwambia adondoshee amonia kwenye unga kidogo. Kijani kinarudi buluu, na upitishaji wa umeme unashuka zaidi ya mara milioni, kwa kuwa amonia imenyang'anya protoni zilizoletwa na asidi. Watafiti Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walifungua mlango huu wa polima zinazopitisha umeme mwaka 1977 kwa kutia iodini kwenye poliasetilini, wakapata Nobel mwaka 2000. TQ1 yangu haihitaji kutiwa kitu. Kwenye seli ya jua tunaitaka ibaki semikonda, yaani kipitishi nusu cha umeme.

Saa 11 jioni. Nafunga ncha za minyororo, namimina polepole kwenye metanoli. Nyuzi za buluu zinajitenga. Nachuja, natia kwenye Soxhlet, chombo cha kuosha kwa kiyeyusho moto tena na tena. Asetoni inatangulia kuondoa minyororo mifupi, na rangi yake ndiyo hukumu ya mizani ya asubuhi.

Saa 2 usiku. Asetoni ina wekundu hafifu tu: minyororo mifupi ni michache. Kesho ni zamu ya klorofomu, halafu kupima uzito wa molekuli.